Siku kumi na moja Guatemala: fuateni asubuhi, msifuate ramani

Msomaji anayeishi Houston ameniandikia. Barua yake naifupisha: "Mwishoni mwa Desemba mimi, mwanangu wa miaka 16 na mama yangu wa miaka 67 tunataka kwenda Guatemala siku kumi na moja. Kijana anataka kuona volkano ikilipuka kwa macho yake. Mama, mzaliwa wa Lushoto, anataka ziwa na soko. Miguu yake ni mizima ila ana presha na anatumia dawa. Mimi nataka mapiramidi ya Tikal. Rafiki yetu anasema tukifika huko tusikose Semuc Champey, kisha tuvuke mpaka tuone na volkano za El Salvador. Mimi na kijana tuna pasi za Marekani, mama ana pasi ya Tanzania na kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Sisi ni Waislamu. Tupange vipi?"

Dada yangu, nitaanza kwa kupunguza. El Salvador iacheni, na Semuc Champey iacheni. Pote pawili panafaa, ila si kwa siku mlizo nazo. Semuc Champey ni mabwawa ya maji ya kijani yaliyokaa juu ya daraja la mawe ya chokaa, pazuri kweli, lakini kutoka Antigua, mji mkuu wa zamani, ni kutwa nzima ndani ya hiace, na kipande cha mwisho, baada ya mji wa Lanquín, watu husimama nyuma ya pikapu kwenye barabara ya milimani. Kwenda na kurudi mmepoteza siku mbili, mama amechoka, na kijana hajaona volkano hata moja. El Salvador nayo ina mpaka, foleni, na siku nyingine mbili. Guatemala ina kilomita za mraba karibu 109,000, kama sehemu moja ya tisa ya Tanzania, na ndiyo sababu watu wakiitazama kwenye ramani hudhani wataimaliza kwa wiki. Ramani haioneshi kona. Kilomita 100 za nyanda za juu hula saa tatu bila ajali wala mvua.

Safari ya nchi hii hupangwa kwa asubuhi. Desemba ni kiangazi kule, kwani mvua huanza Mei na kukatika mwishoni mwa Oktoba. Lakini hata kiangazi, jua likishapata nguvu, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hupanda miteremko, na kufikia saa sita mchana vilele vingi vimeshavaa mawingu. Ziwani upepo huanza mchana. Msituni Tikal wanyama hutembea alfajiri, kisha joto huwarudisha kivulini. Kwa hiyo kila mahali mnapotaka kupaona kweli, laleni papo hapo usiku uliotangulia, muamke hapo. Anayekaa mji mmoja na kwenda kila kitu kwa safari za siku moja hufika kila mahali saa sita, akapiga picha za mawingu. Nimeona familia nyingi zikirudi hivyo, na inauma kwa sababu fedha waliyotumia ni ileile.

Mkikubali hilo, siku zenu zinatosha vituo vitatu: Tikal, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hii; Ziwa Atitlán; na Antigua.

Kabla hamjanunua tiketi, shughulikieni pasi ya mama. Wewe na kijana kwa pasi ya Marekani mnaingia bila viza hadi siku 90, na siku hizo huhesabiwa kwa pamoja na za El Salvador, Honduras na Nikaragua. Mama asihesabiwe humo kwa sababu tu ya kadi yake ya ukaazi. Guatemala ina ubalozi mdogo hapo hapo Houston. Waandikieni, mkiambatanisha nakala ya pasi yake na ya kadi, muulize kama anahitaji viza, na jibu lao mlichapishe alibebe. Anayeamua kama mama atapanda ndege ni karani wa kaunta Houston, naye husoma anachokiona kwenye kompyuta yake. Karatasi ya ubalozi humaliza ubishi. Na kama mama alikuwa Afrika Mashariki karibuni, aichukue kadi yake ya njano, kwa kuwa Guatemala huwadai cheti cha homa ya manjano wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Mpangilio ninaowashauri ni huu. Siku ya kwanza mkitua La Aurora, uwanja wa Jiji la Guatemala, laleni hoteli ya karibu na uwanja, upande huohuo wa jiji. Asubuhi pandeni ndege ya kwenda Flores, mji wa karibu na Tikal, kaskazini. Ni kama saa moja angani, na kampuni za TAG na Avianca zinaruka njia hiyo. Kwa basi ni karibu kilomita 500 na saa tisa au kumi. Tikal mlale mara mbili, mrudi kwa ndege, mkalale Antigua usiku mmoja wa kupumua, kisha Ziwa Atitlán mara tatu, mwisho Antigua tena mara tatu.

Kuna sababu mbili za kuitanguliza Tikal. Ndege ya Flores ikichelewa mwanzoni mwa safari, mnapoteza nusu siku. Ikichelewa siku ya mwisho, mnapoteza tiketi za kurudi Houston. Sababu ya pili ni miili yenu. Houston iko karibu sawa na bahari. Tikal iko kama mita 250 tu, halafu mnapanda hadi mita 1,500 na zaidi kule Antigua na ziwani, na mtakuwa mmeshalala kimo hicho siku kadhaa kabla kijana hajaanza kupanda mlima. Mama ndiye wa mwisho kumhofia. Antigua iko mita 1,530, juu kidogo tu ya Lushoto, na baridi yake ya asubuhi ni ileile aliyokulia: sweta, kanga begani, chai ya moto.

Tikal, laleni ndani ya hifadhi. Hoteli zilizo ndani ni chache na wiki ya Krismasi hujaa mapema, basi hicho kiwe kitu cha kwanza kukikata baada ya ndege. Anayelala Flores ana kilomita 65 za barabara kabla ya kufika, na watu wa ndani wakati huo wameshakaa juu ya Hekalu la Nne. Hekalu hilo lina urefu wa karibu mita 65, na pembeni limejengewa ngazi za mbao. Mama apande polepole, ashike mbao, apumzike kila zinapokata kona. Huko juu mnakaa mkiangalia mashariki: msitu umetanda hadi mwisho wa macho, na vilele vya mahekalu mengine vimechomoza juu ya miti. Kabla jua halijatoka mtasikia sauti nzito ya kukoroma ikipokezana kutoka upande huu wa msitu hadi ule. Wageni wengi hudhani ni chui. Ni nyani weusi wadogo tu, na mama aliyekulia karibu na misitu ya Usambara atawafananisha na mbega wanavyonguruma alfajiri, ila hawa sauti yao ni kubwa zaidi.

Chukueni mwongozaji mwenye leseni kwa saa tatu au nne, kwa sababu bila maelezo Tikal hugeuka kuwa mawe marefu msituni. Mwombeni awaoneshe mteremko wa viwanja. Mji huu haukuwa na mto. Maelfu ya watu waliishi hapa kwa maji ya mvua, na viwanja vikuu vilipigwa plasta na kuinamishwa ili kila tone litiririkie kwenye mabwawa. Mkishauona mteremko huo, mnauona mji mzima. Hekalu la Kwanza, lile linaloonekana kwenye kila picha, lina kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyetawala kuanzia mwaka 682 na kuushinda mji hasimu wa Calakmul mwaka 695. Jiwe la kumbukumbu la mwisho lenye tarehe pale ni la mwaka 869, baada yake mji ukanyamaza. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege imeonesha majengo zaidi ya 60,000 yaliyofichwa na msitu wa eneo hili la Petén. Vilima vingi vya kijani mtakavyovipita njiani ni nyumba ambazo hazijafukuliwa. Vaeni mikono mirefu, mpake dawa ya mbu, na kila mtu abebe maji yake.

Siku ya kwenda ziwani ndiyo siku moja ninayotaka mtoke mapema sana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka Antigua hadi Panajachel ni kama saa tatu. Upepo wa ziwa, wenyewe wanauita Xocomil, huanza karibu na mchana, na boti zinazokwenda vijijini ni ndogo, za injini moja nyuma. Upepo ukishaanza, boti haiyumbi tu, hupigapiga maji kama inapita juu ya matuta ya barabarani. Watalii hukimbilia viti vya mbele wapate picha, na mbele ndiko kunakopigwa zaidi. Mama akae nyuma karibu na nahodha, hata ziwa likiwa kimya. Nauli hulipwa mkishuka. Mtazameni mwenyeji aliyetangulia kushuka ametoa kiasi gani, muwe na hela ndogo mkononi.

Ziwa hili ni shimo la volkano. Miaka kama 80,000 iliyopita mlipuko mkubwa ulikimwaga chumba chote cha lava kilichokuwa chini ya ardhi, na ardhi ikadidimia. Majivu yake yamepatikana Florida kwa upande mmoja na Ekwado kwa upande mwingine. Baadaye volkano tatu mpya ziliota ukingoni mwa kusini: San Pedro, Tolimán, na Atitlán yenye mita 3,535. Maji yana kina cha zaidi ya mita 300 na hakuna mto unaotoka. Ndiyo maana kimo cha ziwa hupanda na kushuka kwa miaka. Baada ya dhoruba ya Agatha ya Mei 2010 maji yalipanda yakameza gati na nyumba za ufukweni, na mkipita na boti mtaona nguzo zilizobaki zikichungulia majini.

Vijiji ni vingi na kila mtu ana chake anachokisifia. Kwa mama nachagua San Juan La Laguna. Kina vyama vya akina mama wafumaji wanaotia nyuzi rangi kwa majani, magome, na wadudu wa kwenye mipungate wanaotoa wekundu. Utaona mama wa makamo amepiga magoti chini, ncha moja ya mtande imefungwa kwenye nguzo, nyingine kwenye mkanda unaozunguka kiuno chake, na akitaka kuukaza anaegemea nyuma tu. Mwili wake ndio nusu ya kitanda cha mfumi. Mama yako na huyo hawatakuwa na lugha moja, na sidhani kama itawazuia. Kumbukeni kwamba wengi hapa Kihispania ni lugha yao ya pili. Nchi ina lugha 22 za Kimaya. San Juan na Santiago wanasema Kitz'utujil, na upande wa Panajachel ni Kikaqchikel.

Kuhusu soko, watu wote watawapeleka Chichicastenango, linalofanyika Alhamisi na Jumapili. Ni kubwa, lina kanisa jeupe la Santo Tomás na moshi wa ubani kwenye ngazi zake, na kama siku yenu ya kwenda ziwani ikiangukia siku ya soko, pitieni, mkijua kwamba mtafika ziwani wakati wa upepo, hivyo usiku huo mlale Panajachel na boti mpande kesho yake. Lakini ningekuwa namchukua mama yangu, ningempeleka Sololá, mji ulio juu kidogo ya Panajachel, Jumanne au Ijumaa. Huko hawauzi vinyago. Wanauza vitunguu, kuku, nyanya, kamba na sufuria, na wanaume kwa wanawake wamevaa nguo za kufuma za kwao kwa sababu ndizo nguo zao, si kwa ajili ya mgeni. Mtu wa Lushoto atajua mara moja yuko wapi.

Kamera iwe na adabu. Omba ruhusa kwanza, na mtoto usimpige picha kabisa bila mzazi wake kukubali. Nchi hii ilipita katika vita vya ndani tangu 1960 hadi 1996, watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya. Santiago Atitlán, ng'ambo ya ziwa, ina bustani ya kumbukumbu ya tarehe 2 Desemba 1990, siku askari walipowapiga risasi wanakijiji waliokusanyika bila silaha. Wanakijiji wakadai jeshi liondoke, na likaondoka. Pitieni hapo mkienda Santiago. Watawapeleka pia kwa Maximón, sanamu ya mbao inayowekewa sigara na pombe katika nyumba ya mtu. Mkiona haiwafai kwa imani yenu, kataeni tu kwa upole, hakuna atakayekasirika.

Sasa volkano za kijana, maana najua ndiye aliyekutuma.

Antigua imezungukwa. Kusini kuna Agua, mita 3,760, iliyolala. Magharibi kuna mapacha wawili, Acatenango wenye mita 3,976 na Fuego yenye mita 3,763. Ardhi hii imehamisha mji mkuu wa nchi mara mbili. Mwaka 1541 tope lilishuka kutoka Agua likaufunika mji uliokuwa pale panapoitwa leo Ciudad Vieja. Wakahamia Antigua, na mwaka 1773 mitetemeko ya ardhi ikaibomoa, serikali ikahamia mahali ilipo sasa. Magofu ya makanisa mtakayotembea ndani yake Antigua ni ya 1773, na kuba zilizoanguka bado ziko chini, vipande vikubwa kuliko gari. Chanzo cha yote ni bamba la Cocos, sakafu ya Pasifiki, linalozama chini ya bamba la Karibi. Bamba hilo huzama na maji yake, na maji hayo huifanya miamba iyeyuke na kujaa gesi. Kwa hiyo lava ya Fuego haitulii katika ziwa la moto kama ile ya volkano ya Nyiragongo. Gesi hukusanyika, kisha hulipuka. Fuego ikiwa katika hali yake ya kawaida hulipuka mara kadhaa kila saa, mchana na usiku.

Jambo ambalo mawakala hawalitangazi ni kwamba usiku usio na mawingu mnaiona kutoka juu ya paa la hoteli Antigua. Chagueni hoteli yenye baraza la juu linalotazama magharibi, mumtandikie mama kiti na blanketi. Ataona cheche nyekundu zikitupwa juu ya kilele na kuteremka ubavuni. Huyo ameiona volkano bila kupanda hatua moja, na presha yake iko salama.

Wewe na kijana mnaweza kupanda Acatenango, mkalale kambini. Gari huwafikisha La Soledad, kama mita 2,400, mnatembea saa nne hadi sita kwenye mashamba, msitu wa mawingu, misonobari, kisha mchanga mweusi. Kambi iko karibu mita 3,600. Kimo hicho kinakaribia Horombo ya Kilimanjaro, yenye mita 3,720, lakini anayepanda kwa njia ya Marangu hufika Horombo siku ya pili, ninyi mtafika siku ileile mliyoamkia Antigua. Basi tembeeni kama wapagazi wetu wanavyofundisha, polepole tangu hatua ya kwanza. Kunyweni maji hata bila kiu. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Kikiuma na mtu anatapika au anayumba, anashuka usiku huohuo pamoja na mwongozaji, na hilo kijana akubaliane nalo kabla ya kuondoka.

Fuego kutoka kambini iko kama kilomita tatu. Giza likiingia mtaona kwanza mwanga: chemchemi nyekundu inaruka juu, kimya kabisa. Hesabuni. Moja, mbili, tatu... mkikaribia tisa au kumi, kishindo kinafika, na mnakisikia kifuani kabla ya masikioni. Wakati huo mawe yanayong'aa bado yanadunda kuteremka. Kijana wa miaka 16 hatalala, na wala usimlazimishe.

Baridi ichukulieni kwa uzito kuliko lava. Usiku huganda, na upepo haukatiki. Januari 2017 wapandaji sita walikufa kwa baridi katika mlima huuhuu. Jaketi la manyoya, suruali mbili, soksi kavu za kulalia, glavu, kofia, taa ya kichwani. Kampuni nyingi hukodisha, lakini jaketi lijaribuni Antigua mchana, mfungue na zipu, maana ukiligundua bovu kule juu huna pa kulibadilisha. Ulizeni kama kambi yao ni kibanda au hema, na mwongozaji mmoja anachukua watu wangapi.

Kambini watawauzia safari ya ziada: kushuka bondeni kisha kupanda mgongo wa Fuego yenyewe, mwendo unaochukua muda wa saa nne au tano gizani, kwa fedha kidogo. Kijana ataitaka kwa nguvu zake zote. Nasema msiende. Mgongo ule uko ndani ya umbali ambao mawe ya Fuego hufika, na milipuko yake mingine huwa mikubwa bila kutoa taarifa kwa mtu yeyote aliyesimama pale. Tarehe 3 Juni 2018 mlima huohuo ulitoa mawingu ya gesi na majivu ya moto yaliyoshuka mabondeni kwa kasi ambayo hakuna mtu wala gari la kukimbia nayo, yakakifukia kijiji cha San Miguel Los Lotes. Mamia ya watu walikufa au hawakupatikana. Mnachotaka kukiona mnakiona vizuri zaidi kutoka kambini, kwa kuwa mko mbali kiasi cha kukiona chote.

Siku mbili kabla, someni taarifa za INSIVUMEH, taasisi inayofuatilia volkano, na za CONRED, ofisi ya maafa. Hutolewa kila mara kwenye mitandao yao kwa Kihispania na simu itawatafsiria. Wakifunga njia, imefungwa. Wakala atakayesema anajua njia nyingine mwacheni. Na mwambie kijana mapema kwamba Fuego pia hunyamaza, wakati mwingine kwa wiki au miezi, hasa baada ya mlipuko mkubwa. Ikitokea hivyo bado kuna Pacaya, mita 2,552, safari ya nusu siku yenye mwongozaji wa lazima, ambako mnatembea juu ya lava nyeusi iliyomwagika mwaka 2021. Huko hata mama anaweza kwenda, kwa sababu vijana wa kijijini hukodisha farasi tangu mwanzo wa njia. Acatenango iwekeni usiku wa pili kati ya zile tatu za mwisho za Antigua, ili muamkie Antigua siku ya kupanda, na mawingu yakiwanyima mwe na usiku wa mwisho wa kuitazama Fuego kutoka juu ya paa.

Chakula hakitawasumbua mkijua maneno machache. Vyakula vya kila siku ni chapati ndogo za mahindi, maharage meusi, mayai, ndizi za kukaanga, parachichi. Pepián ya kuku ni mchuzi mzito wa mbegu za maboga na pilipili zilizokaangwa, na mama ataulizia inavyopikwa. Kak'ik ni supu nyekundu ya bata mzinga. Tatizo ni mafuta ya nguruwe, ambayo huingia kwenye maharage na kwenye tamales, yaani unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, bila kuonekana. Semeni "sin cerdo, sin manteca", yaani bila nguruwe na bila mafuta yake, na mrudie, maana wengi husikia neno la kwanza tu. Mkesha wa Krismasi kila nyumba ina tamales zilizofungwa majanini, nyingi zina nguruwe, nanyi mtakaribishwa kwa moyo mkunjufu. Usiku huohuo saa sita kamili mji mzima hulipua fataki kwa dakika nyingi. Mama aambiwe mapema, tusije tukampandishia presha kwa furaha ya watu. Maji ya bomba msinywe.

Usalama. Msisafiri barabarani usiku, popote. Jiji la Guatemala ni la kupita, si la kutembea na begi jioni. Fedha ni ketzali, kama saba na nusu hadi nane kwa dola moja. Toeni kwenye mashine zilizo ndani ya benki. Simu ya msaada kwa watalii ni 1500. Kijana atayatamani mabasi ya rangi rangi, yale yaliyokuwa mabasi ya shule Marekani. Apande kipande kifupi mchana, Antigua hadi kijiji cha jirani, mizigo ikiwa hotelini. Ndani ya miji kuna bajaji zilezile za kwetu, nyekundu. Na msishangae mkiulizwa kama mmetoka Livingston, pwani ya Karibi. Huko ndiko wanakoishi Wagarifuna, watu wenye asili ya Kiafrika waliohamishwa kwa nguvu na Waingereza kutoka kisiwa cha St Vincent mwaka 1797. Panafikika kwa boti tu na panastahili safari yake peke yake.

Wakati mwingine wananchi hufunga barabara kwa maandamano, na ziwani hamna njia nyingi za kutokea. Hiyo ndiyo sababu ya kulala Antigua siku za mwisho. Siku ya kuondoka, kilomita 40 za hadi uwanjani zihesabieni saa mbili, gari mliagize usiku uliotangulia. Leo andika ubalozini. Wakijibu, kata ndege za Houston, siku hiyohiyo ndege za Flores na vyumba vya Tikal, kisha hoteli ya Antigua yenye paa. Za ziwani zinaweza kusubiri mwezi.